Maji Yamekuwa Meupe

Cimpunda, Bukavu

Papa mpendwa,

Nawaamkia kwa heshima, wewe na Mama. Magoti ya Mama yanaendeleaje na mvua hizi za Mwenga? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechoka, na sababu nitakuambia bila kuzunguka, maana hukunilea hivyo.

Umeniandikia kwamba mnunuzi wa vyuma alikuja kuliangalia lori lako, lililolala nyuma ya jiko tangu mazutu, dizeli yake, ilipoadimika. Ukamjibu, "Siuzishe kamyo yangu. Mutoto wangu anatengeneza mazout kule Bukavu." Nilisoma maneno hayo nikaona haya, kwa sababu matumaini hayo nilikupa mimi.

Kazi yangu unaijua: kukoroga mabwawa ya simenti kando ya ziwa, ambamo profesa wetu alifuga alge, ule utelezi wa kijani unaoota kwenye maji yaliyosimama. Tulikuwa tunauchuja kwa kitambaa na kuukausha juani, kisha profesa anaukamua mafuta ya kuendesha injini. Majirani walinicheka, wakaniita mukulima wa uchafu. Sikujali. Nikikoroga nilikuwa nasikia mlango wa lori lako ukilia, wewe unapanda, tunaondoka.

Basi, mwezi uliopita mabomba yalikauka siku nyingi. Maji ya mabwawa yakapungua, profesa yuko Kinshasa, nami nikaogopa. Nikachota maji ya ziwa, ndoo baada ya ndoo, nikajaza. Sikumwuliza mtu. Baada ya siku chache kijani kikaanza kufifia, na asubuhi moja nikakuta maji meupe, safi, ya kutamani kunywa. Papa, nilifurahi kidogo, mjinga mimi. Mtu aliyekulia kwetu akiona maji safi atafikiri nini kingine?

Profesa aliporudi alichota maji kwa glasi, akaiinua kwenye jua. Ndani vidudu vidogo mno vilikuwa vinarukaruka.

"Kikuni, ni nani alitia maji ya lac humu?"

"Ni miye, Papa Professeur. Robinet ilikauka. Niliogopa alge itakufa."

"Badudu ya lac imekula yote."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Wiki hiyohiyo wakafika wale waliokuwa wanatoa msaada kwa kazi yetu. Wakaona mabwawa ya maji matupu, wakasema inatosha. Funguo zimerudishwa. Sasa nabeba mizigo sokoni Kadutu, na usiniulize kama naizoea.

Papa, nimeharibu kwa mkono wangu mwenyewe. Yule mtu wa vyuma akirudi, mwuzie lori. Usinisubiri tena.

Nisalimie Mama, na dada yangu Mapendo pamoja na wanafunzi wake. Msalimie sana ami yangu, tonton Katindi, aliyekuwa msaidizi wako garini miaka yote ile. Najua hili litamuuma kama wewe.

Anayeleta barua hii atakupa kichupa cha dawa ya kikohozi. Ndani si dawa. Ni mafuta yetu, yote niliyopewa siku ya kufunga kazi. Yana rangi ya kijani na yananuka samaki. Hayatoshi kuwasha injini hata mara moja. Yatie kwenye bawaba za ule mlango wako unaolia, ili siku watakapokuja kulichukua lori, ufunguke kimya.

Ni mimi mwanao,
Kikuni