Pole na Kazi, Baba

Mkonze, Jumamosi

Sala ya jumuiya nyumbani kwa mama mkwe siongozi tena. Basi.

Zabibu zake zilibaki siku nne tu zivunwe, mvua ikanyesha mfululizo, zote zimepasuka na kuoza. Leo akaniuliza mbele ya watu, "Baba Neema, wewe umesoma. Mungu alishindwa nini kuizuia mvua ile?"

Nikajitia mjuzi. Nikasema labda Mungu anatupenda sana ila hawezi kila kitu. Mvua ina njia zake, naye anaumia pamoja nasi. Katekista akafunga Biblia yake, akanitazama kama nimetapika kanisani.

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe hawezi."

"Labda, mama."

"Na mimi nimemgombeza wiki nzima!"

Akapiga magoti, akafumba macho, akasema kwa sauti, kama anavyowasalimia mafundi wanaojenga kwa jirani, "Baba, pole na kazi. Sikujua."

Katekista ndiye aliyeitikia, akaropoka, "Asante!" kisha akainama kutafuta viatu vyake.

Mama amerudi kupalilia, moyo mweupe kabisa. Mwenye woga ni mimi niliyefundisha. Kama mvua ilimshinda, hii homa ya Neema je?

Nimemgusa mwanangu paji la uso sasa hivi. Limepoa kidogo. Nimejikuta nasema, "Pole na kazi," halafu nikasubiri kama mjinga, nisikie nani ataitikia.