Kibarua wa Mama Mkwe

Kaka, uko hapo? Nimejibanza nyuma ya nyumba ya mama mkwe, nina hasira.

Unaujua ule uwanja wake, mkubwa halafu matuta na mabonde matupu. Nikajitolea kuukata nyasi kabla wageni wake hawajafika, kwa ile mashine unayoiendesha umekaa juu yake. Wakafika mapema. Nikaendelea.

Mashine inanguruma, kwa hiyo barazani wanaongea kwa kupaza sauti. Nikaingia bondeni, ikazimika ghafla. Nikamsikia mama mkwe waziwazi: "Huyo? Kibarua tu, tumemwita akate nyasi."

Kibarua! Mimi! Kibarua TU!

Na wala si hilo linaloniuma. Mke wangu alikuwa kando yake, anamimina chai. Tukatazamana. Akainamisha kichwa, akaendelea kumimina.

Nikashuka, nikapanda hadi barazani na majani mwilini. Nikasema, "Shikamoo, mama mkwe." Kila mgeni akatazama kikombe chake.

Sasa hivi mke wangu kanitumia ujumbe. Nikadhani anaomba radhi.

Kaandika: "Umemwaibisha mama. Rudi umalizie upande wa geti."