Ekseli ya Nyuma

Kwako dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia mapema kabla hujauliza adabu nimeiacha wapi. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana nakujua, ukisoma umesimama lazima chungu kiungue. Goti lako linasemaje siku hizi? Na shemeji, bado anakoroma hadi majirani wanajua kwamba leo amelala mapema? Wapwa wangu wasalimie mmoja mmoja, mkubwa kwa mdogo, asinung'unike mtu kwamba mjomba amemruka. Mimi huku ni mzima. Kile kikohozi kimekwisha, nguo nzito ninazo, na kazini hakuna baya la kuandika.

Barua yako niliipata nikafurahi nayo sana. Lakini chini kabisa, baada ya habari za harusi na za mbuzi wa jirani, ulichomeka swali moja dogo, ukaandika kwamba Mkia, siku hizi unakula na nani? Nimelisoma swali hilo mara nyingi. Hakuna mwingine duniani anayeniita Mkia, na wewe mwenyewe ndiye uliyenipa jina hilo kwa kukufuata kila ulikokwenda, hata msalani nikikungojea mlangoni. Swali lako nitalijibu, usinikimbize. Kwanza nikupe habari za gari.

Ndiyo, nina gari. Usipige vigelegele ukaita watu, maana urefu wake ni kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Ni gari la rimoti, lile la kupanda mawe na vifusi, lenye tairi za meno makubwa, na nimeliunda mwenyewe kwa vipande vya magari mengine yaliyokufa. Najua unacheka. Mtu mzima, mvi zimeshuka hadi kwenye ndevu, anacheza na gari! Cheka tu, lakini kumbuka ni nani aliyekata kandambili za mama akatoa tairi za gari letu la waya, kisha akasema ni panya. Fimbo za panya huyo nilizila mimi.

Ilianza hivi. Redio yangu ndogo iliacha kusema. Tangu wifi yako atutoke, redio hiyo ndiyo inayonisemesha asubuhi nikichemsha chai, kwa hiyo iliponyamaza chumba kilinishinda. Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja aliyejibanza chini ya ngazi za jengo la maduka, si mbali na ninapokaa. Watu wanamwita Miwani Mbili, kwa sababu ana miwani moja puani na nyingine kwenye paji la uso, na huzibadilisha kufuatana na udogo wa kitu anachokitazama. Anatengeneza redio, feni, pasi na vitu vya kuchezea. Aliniambia nisubiri, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na karibu na miguu yangu palikuwa na boksi la mabaki. Humo nikaona fremu ya gari, mbavu tupu, haina tairi wala bodi. Nikaiokota nikaigeuzageuza. Akaniuliza kama nakijua kitu kile, nikamwambia mimi sikijui, ila dada yangu angekijua. Akacheka, akaanza kunieleza.

Dada, alinieleza mpaka redio akaisahau. Alisema gari la namna ile halikimbii, linatambaa, na nguvu yake yote ni magurudumu manne kuvuta kwa pamoja, ili moja likining'inia hewani mengine yasikate tamaa. Nusu ya maneno yake sikuyaelewa. Lakini ilikuwa muda mrefu sijakaa karibu na mtu anayezungumza na mimi, mimi hasa. Kazini unajua kulivyo. Zile mashine za kufulia mashuka zinanguruma kutwa nzima, masikio tumeyaziba, na mazungumzo yetu ni ya mikono. Dole gumba juu, shuka limetakata. Kiganja kifuani, lirudishwe. Mwenzangu wa mashine ya pili nimefanya naye kazi miaka, na sauti yake siijui vizuri. Kengele ikilia kila mtu anashika njia yake.

Basi siku ile niliondoka na redio inayosema na fremu isiyo na tairi.

Kuanzia hapo kila Jumamosi nikitoka kazini nilipita kwa Miwani Mbili kutafuta kipande kimoja. Mota tuliitoa kwenye bisibisi ya umeme iliyovunjika mpini. Ekseli ya mbele, kile chuma kinachozungusha tairi, ni ya gari moja na ya nyuma ni ya jingine, na hazikuwahi kuonana kabla ya hapo. Springi tulitoa kwenye kalamu, zikawa laini mno, gari likakaa chini kama mtu aliyepewa habari mbaya, ikabidi tuziweke mbilimbili. Kichwa cha gari ni chekundu, kilikuwa cha gari la zimamoto, na karai la nyuma nimelikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, hata maandishi bado yanasomeka. Tairi za mbele ni kubwa kuliko za nyuma, kwa hiyo muda wote gari linaonekana kama limechuchumaa. Nikaliita Viraka.

Miwani Mbili hakunificha kwamba najisumbua bure. Kwenye rafu yake palikuwa na gari zima la aina hiyo hiyo, limetumika kidogo tu, mwenyewe alihama akaliacha. Alisema hilo ningelipata kwa bei nafuu kuliko vipande vyangu vyote nikivijumlisha, tena ningelichezea leo leo. Nikamjibu haba na haba hujaza kibaba. Akanitazama kwa miwani ya kwanza, akanitazama kwa ya pili, akasema haya bwana, kibaba ni chako.

Sasa sikia kituko. Ekseli ya nyuma niliifunga nyumbani peke yangu, nikijiona nami nimeshakuwa fundi. Jumamosi nikalipeleka gari kwa mbwembwe, nikaliweka sakafuni, nikabonyeza rimoti. Lilinguruma, likatetemeka palepale, halikwenda mbele wala nyuma. Nikabonyeza zaidi, likatetemeka zaidi. Miwani Mbili aliinama akaangalia, kisha akacheka mpaka miwani ya juu ikamdondokea puani, akawa nazo mbili kwa pamoja. Alimwita hadi muuza viatu wa jirani aje ashuhudie. Kumbe ekseli nilikuwa nimeifunga juu chini. Tairi za mbele zilikuwa zinakwenda, za nyuma zinarudi, na gari katikati halijui limsikilize nani. Aliniambia nivute ndoo nikae. Tukaifungua pamoja, akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake, na tukakaa hivyo mpaka alipofunga duka. Nilicheka mashavu yakaniuma. Nilikuwa nimesahau kwamba mashavu nayo huuma.

Baada ya hapo gari likakamilika. Jumapili nikalipeleka kwenye kifusi cha kokoto kilicho nyuma ya nyumba tunayopanga. Lilipanda, likaanguka, nikaliinua, likapanda tena polepole, tairi moja hewani na tatu zinavuta, kama alivyosema fundi. Mama mwenye nyumba alikuwa anaanua nguo, akaniuliza gari ni la mtoto wa nani. Nikamwambia ni langu. Akasema hongera, akaingia ndani na nguo zake. Viraka alipofika kileleni niligeuka nimwambie mtu, umeona? Hapakuwa na mtu. Nikalibeba nikarudi nalo chumbani.

Jumamosi iliyofuata nilitoka kazini, nikaoga, nikavaa shati safi. Nilipofika pembeni ya jengo la maduka nikakumbuka kwamba sihitaji chochote. Si bolti, si waya, si springi. Nilisimama pale kama niliyepoteza ufunguo, kisha nikarudi nyumbani.

Dada, hapa ndipo penye jambo lenyewe, na mficha maradhi kifo humuumbua. Lile gari la kwenye rafu ningeweza kulinunua tangu mwanzo. Sikulitaka kwa sababu ningelinunua mara moja. Vipande ndivyo nilivyovitaka, maana kila kipande kilikuwa sababu ya kwenda mahali, na huko niendako alikuwapo mtu wa kuniambia karibu, vipi wiki yako. Kuna bolti hapa mezani ambazo hazina kazi yoyote. Nilizinunua ili nipate la kusema nikifika.

Kisha nikafanya jambo ambalo hata kuliandika naona haya. Nilikaa mezani kwangu mchana kweupe, akili zangu timamu, nikachukua bisibisi, nikaifungua ile ekseli ya nyuma, nikaigeuza juu chini, nikaifunga tena. Jumamosi nikampelekea Miwani Mbili gari nikiwa na uso wa mfiwa, nikamwambia gari limerudia wazimu wake.

Hakucheka. Muuza viatu hakuitwa. Alilipindua gari, akatazama bolti kwa miwani ya kwanza, akashusha ya pili akatazama tena, kisha akanivuta nione. Mimi sikujua kwamba akimaliza kazi yake hutia doa dogo la rangi ya kucha juu ya kila bolti, nusu kwenye bolti na nusu kwenye chuma, ili akiletewa tena ajue kama imelegea yenyewe au imefunguliwa. Lile doa jekundu lilikuwa limekatika, nusu moja imetazama huku na nyingine kule. Njia ya mwongo fupi, dada. Yangu haikuvuka hata meza.

Uso ulinishuka. Nilitamani ninyakue gari nitoke, lakini alikuwa amelishika yeye. Akafungua bolti, akageuza ekseli, akafunga, akatia doa jipya, akalipuliza likauke. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema kwamba kila anayekuja pale huja na kitu kibovu, kikipona huondoka nacho, na yeye halaumu mtu, ndiyo kazi aliyoichagua. Ila Jumamosi ijayo, akasema, nije mikono mitupu. Akafikiri, akajirekebisha, akasema si mitupu kabisa, nije na chakula, kwa sababu yeye chakula chake cha mchana hukila ameelekea ukutani wateja wasimwone anatafuna, na ukuta ule ameuchoka. Gari nije nalo nikipenda, lakini liwe zima. Amechoka kufungua bolti zilezile.

Nikainua dole gumba, kama tunavyofanya kazini shuka likitakata. Akanitazama kidogo, akainua na lake.

Sasa swali lako. Nakula peke yangu, dada. Tangu wifi yako atutoke nakula peke yangu, sahani moja, kijiko kimoja, nimeegemea dirisha ili nione watu wakipita. Wale rafiki wa kazini niliokuwa nakuandikia, wanaokuja kwangu na tunataniana mezani, hawapo. Niliwatunga ili wewe upate usingizi. Nina upweke, dada. Nimeliandika neno hilo nikalitazama, nikataka kulifuta, nimeliacha.

Usimwambie shemeji mambo ya ekseli, atanitania hadi kaburini. Au mwambie, acha acheke. Mpe salamu zangu, na majirani wote wanaoniulizia, na mwenye mbuzi pia. Wapwa waambie nitakuja na Viraka wamwendeshe siku nikipata likizo, na mkubwa asimnyang'anye mdogo rimoti. Goti likande kwa maji ya moto, usijifanye kijana.

Kesho ndiyo Jumamosi. Nimechagua maharage na sasa nayaloweka. Nimezoea kikombe kimoja, leo nimepima viwili, na nimesimama hapa na kopo la chumvi mkononi sijui nitakapoyapika nitie kiasi gani. Najua jibu lako litanifikia yakiwa yameshaliwa. Niandikie hata hivyo, dada, chumvi ya watu wawili ni kiasi gani? Nitaihitaji Jumamosi nyingine.

Ni mimi mdogo wako,
Mkia