Kuteuliwa Pamoja na Mtalaka Wangu

Jumatano, 24 Januari

Simu imelia alfajiri, mikono yangu yote miwili imo ndani ya unga. Noemí, binti yangu, kutoka Albuquerque — analia. Nikadhani kuna aliyekufa.

Kumbe orodha ya Kijiko cha Shaba imetoka. Tuzo ya wapishi wa nchi nzima. Noemí anasema mwaka huu New Mexico imetajwa kuliko wakati wowote, redio zote zinaisema. Santa Fe, kama kawaida. Albuquerque, kama kawaida. Na Socorro. Socorro! Nani anakuja kula Socorro?

“Mama, mmo. Wewe na baba.”

Wewe na baba. Hapo ndipo pananikera. Wameandika: Altagracia na Fermín Baca, mume na mke, mkahawa wa Casa Baca. Talaka tumeisaini Oktoba. Wamemwuliza nani?

Fermín alipoingia nikamwambia. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Akasema, “Vitunguu vimeletwa?”

Huyo ndiye mtu niliyeishi naye miaka ishirini na miwili.

Tulikubaliana bila ugomvi. Yeye anakwenda Tucson mwisho wa Mei, kaka yake ana mkahawa huko. Mimi nabaki na jiko. Mpaka hapo, yeye kwenye grili, mimi kwenye sufuria, na katikati meza ya kukatia. Usiku nimeshaanza kuipanga upya hiyo meza kichwani. Inakwenda dirishani. Na redio yake inakwenda naye.

Jumapili, 4 Februari

Foleni imefika mpaka duka la matairi. Watu wa Santa Fe, viatu vyeupe, miwani mikubwa. Wanapiga picha maharagwe. Maharagwe!

Mzee Sixto, aliyestaafu reli, ana kiti chake cha kwanza kwenye kaunta tangu enzi za marehemu mama. Leo kaingia kakuta mwanamke kakikalia. Akasimama tu, kofia mkononi, kama yuko msibani. Nikamhamisha yule mwanamke. Hakupenda. Halafu akanikazia macho.

“Samahani, ninyi ndio wale wapendanao?”

Gazeti la jana, kumbe. “Mapenzi Yanayochemka Socorro.” Picha yenyewe ni ya miaka tisa iliyopita, nimeshika mwiko, Fermín ananicheka. Sijui wameitoa wapi. Najua. Mama mdogo Eufemia.

Mama mdogo anakaanga sopapilla zetu, maandazi ya huku kwetu, na anapeleka sahani mezani, na huko mezani hanyamazi. Nimemkuta anawaambia wageni kwamba sisi tumefunga ndoa kanisani na kanisa halijui habari za mahakama. Nikamvuta jikoni.

“Mama mdogo, tafadhali.”

“Nimesema uongo gani? Padre kafuta nini?”

“Tumeachana.”

“Mbele ya hakimu. Hakimu mwenyewe anakula hapa kila Alhamisi, kamwulize kama anaamini.”

Ijumaa, 1 Machi

Picha tena. “Simameni pamoja basi, kidogo tu.” Fermín ananiwekea mkono begani. Nimeutoa. Akaurudisha kwa ajili ya kamera. Harufu ya moshi na kitunguu saumu. Nimechoka.

Jumatano, 3 Aprili

Wamechuja. Kanda yetu wamebaki watano, wawili wa New Mexico, na mmoja wa hao wawili ni sisi. Meya kaleta maua. Kayaweka kwenye sinki ya nyama.

Sherehe ni Chicago, tarehe kumi Juni. Fermín alikuwa aondoke Mei. Baada ya chakula cha mchana, mimi naosha sufuria, yeye anakwangua grili — halafu:

“Nadhani nitangoja mpaka baada ya Chicago.”

“Nani kakuomba?”

“Hakuna.”

“Basi.”

“Basi nini?”

“Basi ngoja.”

Nimejikasirikia mpaka sasa. Sentensi ilikuwa rahisi: Nenda, nitakwenda Chicago na Noemí. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa.

Jumapili, 21 Aprili

Siku mbaya. Niandike tu.

Watu wa televisheni wamekuja na mataa yao, joto kama Julai. Mtangazaji ni binti mdogo, Kendra, mpole, ana karatasi ya maswali. Katuketisha bega kwa bega. Akauliza pilipili, akauliza mama yangu, vizuri. Halafu: siri ya ndoa yenu ni nini?

Nikafungua mdomo nimwambie. Kwa kweli nilikuwa namwambia. Fermín akanitangulia — Fermín, ambaye kwa daktari mimi ndiye humsemea anaumwa wapi.

Akasema yeye ni mtu wa moto na nyama, na nyama mtu yeyote atajifunza. “Lakini huyu akipika nyekundu, mchuzi wa pilipili iliyokaushwa, anazima jiko kabla haijaiva. Kabla! Anaiacha ijimalizie. Nimemtazama miaka yote hii na sijui anaijuaje ile saa. Nikila pilipili ya mtu mwingine naona imeharakishwa. Nikiwa safarini nakula mayai.”

Kendra akafuta macho. Mshika kamera naye. Mama mdogo akajipiga msalaba.

Mimi nikaenda kwenye chumba cha baridi nikafunga mlango. Nikasimama kati ya saladi na mabega ya nguruwe. Miaka ishirini na miwili tumeongea chumvi. Chumvi, gesi, nani amesahau kuagiza unga. Niliondoka kwenye ile ndoa kwa sababu nilikuwa nakauka, na nilipomwambia nakauka aliniuliza kama nataka maji. Si mzaha. Aliniletea glasi. Na maneno haya yote alikuwa nayo? Alikuwa ameyaweka wapi?

Nilipotoka wageni walikuwa wameshaondoka. Nikamwambia, “Yale maneno ungeniambia mimi.”

Akafikiri. Huwa anafikiri kweli, hilo nampa. Akasema, “Hukuwahi kuniuliza mbele ya watu.”

Maana yake nini? Mtu anijibu, maana yake nini? Nimemrushia kitambaa cha kufutia. Akakidaka, akafutia grili.

Alhamisi, 9 Mei

Pilipili imekwisha. Nilijua itakwisha. Tunanunua kwa bwana Gallegos wa Lemitar, ile aliyokausha mwenyewe, na ya mwaka mmoja hututosha mpaka mavuno mengine. Lakini mwaka gani tumewahi kulisha nusu ya Santa Fe? Mavuno ni Septemba.

Nikasema tuandike mlangoni: nyekundu hakuna. Fermín akachukua gari akaenda kusini, karudi na magunia kutoka ghala moja huko. Hakuniuliza. Kayashusha mlangoni kwangu kama paka aliyeleta panya.

Nimeipika. Rangi nzuri. Harufu nzuri. Ukionja, utamu unakuja mbele, halafu nyuma yake hakuna mtu. Kama anayekusalimu huku anatazama simu.

“Hii hatuuzi,” nikasema.

“Watu wamesimama nje, Gracia.”

“Wasimame.”

“Wamekuja na watoto.”

Tukauza. Na wakasifu! Wote! Bwana mmoja wa viatu vyeupe alibusu vidole vyake. Mama mdogo akachovya sopapilla, akasema mbona nzuri tu, mnaringa. Nikabaki na tumaini la Mzee Sixto — huyu atarudisha sahani, huyu kaila nyekundu ya mama. Akaifuta sahani kwa mkate mpaka ikang’aa. “Asante, binti yangu. Kama siku zote.”

Kama siku zote.

Nikageuka nimtafute mtu wa kugombana naye. Fermín alikuwa upande wa pili wa meza ya kukatia, kijiko mdomoni, na uso wake ulikuwa uso wangu. Ule ule. Akatikisa kichwa taratibu.

Ukumbi umejaa watu, wengine wametoka mbali na wameandikwa magazetini kwa kujua kula, na ni ndimi mbili tu mle ndani zilizojua. Moja yangu. Nyingine inahamia Tucson.

Nina hasira hata sijui nimkasirikie nani. Kalamu imetoboa karatasi.

Jumapili, 26 Mei

Nyekundu nimeiondoa. Kijani tu, mchuzi wa pilipili mbichi, ile ya friza ya mwaka jana, mpaka Septemba. Yale magunia nimempa padre kwa ajili ya chakula cha maskini — maskini wasamehe.

Nilitegemea Fermín abishe. Akachukua karatasi akaandika tangazo mwenyewe, mwandiko wake ule wa kuku, akalibandika mlangoni. Noemí kapiga simu anapiga kelele: mama, waamuzi wanaweza kuja wiki hii bila kujitambulisha, mmeteuliwa kwa ajili ya nyekundu. Nikamwambia waje wale kijani.

Mchana bwana mmoja kashindwa kujizuia. Kaendesha saa tatu, anasema. “Mnawezaje kuteuliwa kwa kitu ambacho hamna?”

Nikawa natafuta jibu la heshima. Fermín akatokea na koleo ya nyama mkononi.

“Mzee, pilipili haisomi magazeti.”

Nikacheka. Sikutaka. Nikacheka mpaka nikashika kaunta, na wateja wakaanza kutupiga picha, na mama mdogo akasimama pale na trei, anawaonyesha kwa kidevu: mnaona? Mnaona?

Hakuna cha kuona. Mtu anaweza kuchekeshwa na mtalaka wake. Si kosa la jinai.

Jumatatu, 10 Juni. Chicago

Viatu vinanibana. Ukumbi kama uwanja wa ndege. Fermín kavaa suti ya sherehe ya Noemí ya kutimiza miaka kumi na mitano, haifungi.

Mshereheshaji akasoma majina. Akafika kwetu: “…mume na mke, kutoka Socorro…” Fermín akaniinamia sikioni. “Nikamsahihishe?”

“Sasa hivi?”

“Jukwaa si mbali.”

Kamera ikatukuta hapo hapo, vichwa vimegusana, tunacheka kama wanafunzi misani. Gazeti litapata sikukuu.

Hatukushinda. Kachukua mama mmoja wa Tucson, mtu mzima, amelia vizuri, hotuba fupi. Nimempigia makofi kwa moyo. Fermín kampigia makofi, halafu kaacha.

“Wa Tucson,” nikasema. “Utakuwa jirani yake.”

“Ndiyo,” akasema. Basi. Akamimina maji yake kwenye glasi yangu, yangu ilikuwa tupu.

Alhamisi, 13 Juni. Nyumbani

Anaondoka leo. Naandika kwenye kaunta, kati ya kazi na kazi. Sina mahali pengine.

Alikuja asubuhi kuchukua visu na redio. Gari limeshapakiwa, godoro juu, kamba zimekazwa. Mama mdogo analilia unga. Nikamwambia ataongeza chumvi isiyotakiwa. Akaniambia nina moyo wa chuma cha reli.

Fermín kasimama pale kwenye meza ya kukatia, anavingirisha visu kwenye kitambaa, kimoja kimoja, pole pole kama anafunga mtoto mchanga.

“Septemba,” akasema, “Gallegos akianika, utachaguaje?”

Kila mwaka tunakwenda pamoja. Anavunja moja, mimi naonja nusu, yeye nusu. Hatuzungumzi. Tukikubaliana tunachukua, na hatujawahi kutokubaliana. Kwa pilipili tu.

“Nitaonja.”

“Na ukikosea?”

“Nitakosea.”

“Nani atakwambia?”

“Fermín,” nikasema, “una kitu cha kuniambia? Mbele ya watu hakuna leo. Ni mimi tu.”

Mama mdogo akaacha kulia asikie vizuri.

Akafungua mdomo. Namwapia Mungu aliufungua. Akautazama mlango, akanitazama mimi, akafunga kile kitambaa cha visu mafundo mawili. Akasema, “Njia ya jangwani ina joto mchana. Bora niwahi.”

Akatoka.

Haya. Hivyo ndivyo.

Nikalisikia gari likiwaka. Nikashika meza ya kukatia nianze kuivuta kwenda dirishani, sasa hivi, kabla sijapoa. Nzito. Miguu yake imezama kwenye sakafu, imejichimbia mashimo. Nimeivuta hatua moja, na kutoka hapo nimeona nje.

Gari liko pale pale. Limezimwa. Boneti iko juu, yeye kainama ndani.

“Limeharibika?” mama mdogo kauliza.

“Limetoka kwa fundi wiki iliyopita. Halina kitu.”

“Sasa anatazama nini?”

Wateja wa mchana wanaingia. Mzee Sixto kashaketi, kaagiza nyama ya kuchoma na kijani kando, kaangalia kule kwenye grili, kisha kwangu.

“Gracia, leo nani anachoma?”

Nimemwambia asubiri. Nimeandika mistari hii na bado anasubiri.

Boneti imefungwa. Fermín amesimama kando ya gari anafuta mikono, mmoja, halafu mwingine, halafu ule wa kwanza tena. Anautazama mlango wangu kama mteja asiyejua kama tumefungua.

Nyuma yangu gesi imelia, tap. Mama mdogo kawasha grili.

“Nani kakwambia uwashe?”

“Hakuna,” anasema, na anachukua sopapilla zake kana kwamba mimi sipo.