Magofu au Magorofa

Bariadi, Jumapili jioni. Mawingu yamejaa tangu juzi na mvua hainyeshi, imenuna tu. Na mimi nimenuna hivyo hivyo, nimekaa kwenye kafe ya intaneti hapa karibu na stendi, jirani yangu kavaa hedifoni na bado muziki wake unanifikia.

Niandike haraka kabla umeme haujakatika.

Nyumbani Mkula, sebuleni kwa Baba, kuna picha ya zamani sana, mojawapo ya zile zilizochongwa kwanza kwenye bamba la chuma kisha zikapigwa chapa kwenye karatasi. Ni mtaa wa mji fulani wa Ulaya. Kuta ndefu za matofali pande zote mbili, madirisha yana vichwa vya mviringo, na hakuna nyumba hata moja yenye paa. Sisi watoto tulikua tukijua ni mtaa unaojengwa. Ulitaka tujue nini? Huku kwetu ukiona kuta hazina paa, hilo ni boma, mwenyewe bado anatafuta hela ya bati. Tulikuwa tunabishana mwenye nyumba yupi atatangulia kupaua!

Baba aliinunua mwaka ule soko huria lilipoingia. Wanunuzi binafsi walikuja na malori, wakalipa pamba hapo hapo, na maduka ya Bariadi yakajaa vitu ambavyo hatukuwa tumewahi kuviona. Mzee mmoja alikuwa anafunga duka ahamie Mwanza. Hadithi hii Baba anaisimulia kila Krismasi: alimuuliza yule mzee hii picha ni ya nini, akajibiwa ni ya magorofa ya zamani ya Ulaya. Baba akarudia, "Magorofa?" Mwenye duka akacheka mpaka akashika kaunta, halafu akampunguzia bei. Mpaka leo Baba hajui alimchekesha nini.

Mwaka huo huo akaanza boma lake. Si gorofa, hela isingetosha, ila madirisha yana vichwa vya mviringo vile vile, na fundi alinung'unika mpaka siku ya mwisho. Kisha bei ya pamba ikaanguka. Boma likabaki hivyo, sasa mpapai umeota mahali palipokusudiwa kuwa sebule.

Wiki iliyopita kioo cha picha kilipasuka, nikaileta kwa fundi vioo hapa mjini. Akatoa kadibodi iliyokuwa imezunguka picha, maana ilishaoza, akaweka kioo kipya. Kumbe chini, pale kadibodi ilipokuwa imefunika, kuna maandishi ya Kiingereza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini hayo niliyaelewa. Yanasema ni magofu ya mtaa huo baada ya moto mkubwa. Ndipo nikaona masizi juu ya madirisha. Jamani, nilikuwa nayaona tangu utotoni, nikidhani ni mapambo.

Magofu.

Mwenye duka alisema magofu! Baba, ambaye nyumbani kwao kilikuwa Kisukuma tupu na Kiswahili alikipatia ukubwani, akasikia neno alilokuwa analijua.

Nilicheka peke yangu pale kwa fundi, halafu kicheko kikaniishia. Kwa sababu Baba ameamua Jumatano apeleke ng'ombe wake waliobaki mnadani, auze, apaue lile boma. Kaka yangu Masanja, anayekaa naye na kulima na ng'ombe hao hao, hataki hata kusikia. Nilipompigia simu kumweleza habari ya maandishi, alifurahi kama nimemtumia vocha. "Mwambie. Mwambie ameiga nyumba zilizoungua, ataacha mwenyewe." Na Baba akishaamua jambo, ananisikiliza mimi tu. Hiyo ndiyo shida yangu.

Leo nimekosa ibada, nimeipeleka picha Mkula. Baba aliipokea kwa mikono miwili akaisogeza mlangoni penye mwanga, na maandishi akayaona papo hapo. "Mayu," akaniita, kama anavyoniita siku zote, maana kwetu binti huitwa mama. "Hapa wameandika nini?"

Masanja alikuwa ameegemea ukuta, kanikodolea macho.

Nikasema kweli. "Magofu, Baba."

"Eeh! Magorofa. Si niliwaambia?"

Masanja akaangua kicheko. Yule mwenye duka sikuwahi kumwona, lakini leo najua alichekaje. Lilikuwa ni neno moja tu la kurudia, na sikulirudia.

Halafu Baba, macho bado kwenye picha, akauliza, "Na walimaliza kupaua?"

Nikamjibu walimaliza. Nadhani si uongo, mji wa watu hauwezi kukaa bila paa miaka yote hiyo. Lakini ni wenyewe walioezeka, au walikuja wengine wakajenga juu ya majivu yao? Sijui. Baba alifurahi, akaitundika picha kwenye msumari wake, akatoka kwenda kuwatazama ng'ombe. Masanja hakuniaga.

Kichwa kinaniuma kwa kuwaza. Nikimwambia, ng'ombe watabaki, lakini kila asubuhi akitoka nje ataona magofu aliyoyajenga kwa hela yake. Nikinyamaza, atapata paa lake na Masanja atalima kwa jembe la mkono. Sasa nilisema kweli au nilidanganya? Mbona naona haya kana kwamba nimeiba?

Jumatano Baba anataka nimsindikize mnadani, eti mimi ndiye msomi.

Nimelitamka tena hapa kafeni, polepole, ma-go-fu, mpaka jirani kavua hedifoni ananitazama. Linatamkika vizuri kabisa. Kwa nini mbele ya Baba lilinitoka mara moja tu?