Gundi Nyeusi Kwenye Tangi la Baba

Buyenzi, Avenyu ya 9,
Bujumbura.
Tarehe 14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Faruk,

Assalaam alaikum. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima huko Namur, pamoja na wifi Soumaya na watoto, na kwamba baridi haijaanza kuwauma. Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillah. Presha ya Baba imetulia. Masikio yake ndiyo hayo hayo ya mtu aliyepiga mbizi ziwani miaka thelathini.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Simu ya nyumba hii inasikilizwa na kila mtu, na haya nataka uyasikie peke yako. Nimempa Houda, binti wa jirani, anayekuja huko masomoni.

Mdogo wetu Assia anakusalimia kutoka kwa mumewe. Watu bado wanaisifu arusi yake, hasa muziki wako.

Sasa nisikilize. Ijumaa ya pili baada ya wewe kuondoka, watu wakijiandaa kwenda msikitini, tangi la samaki la Baba liliachia. Unakijua kile kipande cha kioo kilicholazwa juu katikati, kinachoshika kioo cha mbele na cha nyuma ili maji yasivisukume vikaachana. Kilibanduka chote. Kioo cha mbele kikatoa tumbo, pembe ikavuja, maji yakafika kwenye mikeka. Samaki tuliwahamishia kwenye ndoo na mapipa. Wawili walikufa, wale wa michirizi ya njano ambao Baba aliwatoa ziwani kwa mikono yake siku ya mwisho ya kazi. Aliwafunga katika kitambaa akawazika uani.

Kesi ikaniangukia mimi. Nani husugua vioo kila Alhamisi? Kudra. Baba alinigeukia mbele ya majirani: "We Kudra, nilikukataza mara ngapi kuegemea pale juu? Mutu mukubwa hausikie!"

"Apana Baba, mi sikugusa."

Tangu siku hiyo nikimwekea chakula anasema ameshiba, kisha namwona anakula kwa jirani Raihana, nyumba ya pili. Mimi niliyebaki kumtunza, kaka! Na kila anayeingia anaambiwa, "Faruk angekuwa hapa, hii kiyoo haingetoka."

Inaniuma. Nikasema basi, nitalitengeneza mwenyewe. Nilimwita Tajudini, fundi wa vioo vya magari. Tulipunguza maji mpaka chini ya nusu, tukavirudisha vioo mahali pake kwa vyuma vya kubania vya maseremala, polepole, maana kioo hakitaki haraka. Kisha nikashika wembe nikwangue gundi ya zamani. Ikatoka nyeusi. Baba hajawahi kutumia ila silikoni isiyo na rangi, ile isiyodhuru samaki.

Tajudini aliinusa akacheka. "Hii ni kole ya parabrize. Nilimupa Faruk mwenyewe, siku moja mbele ya arusi. Mi nilijua ni ya gari."

Gundi ya kioo cha mbele cha gari! Nikakumbuka lile bafle lako, spika kubwa ya muziki wa arusi, ulivyolipandisha juu ya tangi ukasema hapo ndipo sauti inatoka vizuri. Kukibandua kile kioo cha juu ni bahati mbaya, sikulaumu. Lakini ukakibandika kwa gundi ya gari, juu ya kioo chenye maji, ukafunika, ukanyamaza! Mtoto wa Buyenzi, mtaa wa mafundi magari, kwako kila kitu ni gari.

Tulipangusa kwa spiriti, tukatia silikoni mpya, tukaliacha siku saba bila kuligusa. Sasa lina siku tano limejaa, halijatoa hata tone. Baba alipitisha kidole chini ya kile kioo, akasema Tajudini ana mikono ya kazi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na kitambaa mkononi.

Sijamwambia. Si kwamba nakuonea huruma. Nikisema mimi, ataona namsingizia asiyekuwepo.

Siku uliyoondoka ulisimama mbele ya tangi hilo hilo, ukatuomba msamaha sote kama msafiri anavyoomba: "Yote niliyowakosea, munisamehe." Baba akalia, akasema huna kosa. Mimi nikasema nimekusamehe, nenda salama. Sikujua nasamehe nini. Hukutaja.

Nisalimie wifi Soumaya na uwabusu watoto. Assia na Tajudini wanakusalimu. Mungu akulinde ugenini, akupe riziki ya halali na ulimi mwepesi.

Msamaha ule nimeurudisha kwangu, kaka. Mpigie Baba. Litaje bafle, itaje gundi. Siku atakayopokea sahani kutoka mkononi mwangu, nitajua umepiga, na hapo nitakusamehe upya.

Ni mimi dada yako, nakupenda na hasira zangu,

Kudra