Mlango wa Bati Tulioziba

Shoga yangu Zuwena,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mtaa ukishapata msikiti, sabla, zahanati na bustani, basi umekamilika. Kosa hilo nimelifanya mimi, mwalimu mzima wa jiografia, na yaliyokufika ni kwa sababu yake. Umezikwa miezi mitano sasa, na neno hili sijamwambia mtu.

Wacha nianze mwanzo. Unanijua, siwezi kusema jambo bila kulieleza. Mtaa wetu huu wa Wattaya ulipojengwa, vita vya kusini mwa nchi hii ya Kiarabu vilikuwa vimekwisha karibuni, na sisi tulikuwa wageni kutoka Unguja, kila nyumba na mabegi yake mawili. Barabara ilikuwa kokoto na maji yalikuja kwa gari. Waume zetu walipojenga ukuta wa katikati waliacha uwazi, wakatia mlango wa bati usio na kufuli, ili tupitiane bila kuzunguka barabarani. Kupitia pale ulikuja ukampokea Nasir wangu alipozaliwa, gari ya hospitali haijafika. Kupitia pale nilikuja kulala kwako miezi yote ya eda yako. Siku moja nilibisha hodi, ukanicheka: "Bibi wee, hodi ya nini? Umeshakuwa mgeni?"

Kisha vitu vikaja kimoja kimoja. Zahanati, sabla, yaani ukumbi wetu wa harusi na misiba, bustani yenye njia ya kutembelea. Mimi nikaingia kamati ya mtaa, nikawa mtu wa barua na vikao. Ukinitania: "Mwalimu, na kamati yako hiyo, mwisho mtatuombea hata bahari."

Mwaka juzi Nasir akataka banda la gari ya pili. Nafasi ilikuwa pale penye mlango tu. Aliniuliza, nikamwambia azibe. Wewe sikukuuliza. Ulisimama upande wako ukitazama matofali yanavyopanda, ukasema tu, "Haya, Mwalimu. Sasa n'tazunguka. Nna miguu miwili, na mmoja umeshagoma." Nikacheka. Ulizunguka mara mbili tatu, kisha ukaacha. Nami nikawa napiga simu.

Jumanne ile simu yako haikupokelewa. Rehema, msichana wako wa kazi, alikuwa likizo kwao Tanga. Saa nne nikazunguka mpaka getini kwako, nikabonyeza kengele mara tatu. Jua lilikuwa kali. Nikasema moyoni, atakuwa kasafiri mji wa Suhar kwa bintiye Salma. Nikaondoka, maana nilikuwa na kikao sablani. Unajua tulijadili nini? Viti vya bustanini, wazee wapate pa kukaa.

Salma ndiye aliyekukuta, Jumatano, sakafuni jikoni. Daktari alimwambia ulianguka alfajiri ya Jumanne, na kwamba ulikuwa hai mpaka mchana.

Mpaka mchana, Zuwena.

Kutoka mlango ule wa bati hadi jikoni kwako ni hatua kumi na moja. Ningeingia bila hodi, kama siku zote.

Azaa yako, matanga ya siku tatu, ilikuwa sablani, kwenye kiyoyozi na mazulia mapya. Mama mmoja akimimina kahawa alisema, "Alhamdulillah, mtaa wetu hauna kasoro." Nikaitikia kwa kichwa. Salma alikuwa ubavuni pangu, akaninong'oneza, "Bi Thuwaiba, hukusikia chochote?" Nikamwambia sikusikia. Hiyo ni kweli. Lakini sikumwambia kwamba nilifika getini.

Sasa amehamia nyumbani kwako. Kila Ijumaa anazunguka barabarani na sahani ya biriani, ananiletea, na kila Ijumaa ananishukuru kwa ujirani niliokufanyia. Sahani namwachia Nasir.

Viti vya bustani vimekuja. Ni vya mawe. Sijakalia hata kimoja.

Jana nilimwambia Nasir avunje ukuta. Akasema, "Mama, gari italala juani." Nikamwambia, "Ilale." Fundi yuko nje sasa hivi, nyundo naisikia nikiandika. Tundu likitosha mtu kupita, nitapita mimi wa kwanza, nimpe Salma barua hii mkononi, aisome nami nimesimama mbele yake. Nakuahidi hilo. Asiponisamehe, ana haki, na mlango utabaki wazi hivyo hivyo, kwake na kwa watakaokuja baada yetu.

Lala, shoga yangu. Mola akupe wasaa huko ulipo, maana huku mimi nilikubania.

Na wewe Salma, uliyefika mstari huu: Bi Asya wa nyumba ya kona anaishi peke yake. Nenda leo ukabonyeze kengele yake, na usiondoke mpaka akufungulie.